Sufuria Iliyogeuzwa Tangi

Mwamina hakuzaliwa fundi bati. Alikuja Nachingwea kutoka Nambilanje akiwa bibi harusi, na kazi yake ya kwanza kibandani ilikuwa kumshikia mumewe, Saleh, upande wa pili wa bati wakati akikata. Saleh hakufundisha kwa maneno. Ukishika vibaya alikugonga kidole kwa mpini wa nyundo, kidogo tu, kisha akaendelea na kazi. Kwa mtindo huo mkewe alijua kukata, kukunja, kuunga na kunyoosha. Saleh alipofariki, sisi majirani tulidhani kibanda kitafungwa. Eda ilipoisha tukasikia nyundo ileile, ila mpigo wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Aliyekaa naye muda wote wa eda ni Bi Tunu. Hawakuwa ndugu wa damu. Bi Tunu alikuwa mpishi mkuu wa shughuli za mtaa wetu. Hapakuwa na harusi wala msiba uliopikiwa bila yeye kusimama juu ya moto, khanga imefungwa kiunoni, mwiko mrefu kama mpini wa jembe mkononi. Ndiye aliyempokea Mwamina alipoletwa, akamwonyesha kisima, soko na majirani wa kuwaogopa. Saleh alipozikwa, alibeba mkeka wake akahamia kwa mjane. Mwamina alimwita mama, naye aliitwa mwanangu.

Kikundi chetu cha akina mama kina vyombo vyake: masinia, ndoo na masufuria ya shughuli. Vilihifadhiwa kwa Mwamina kwa sababu alikuwa na stoo, na kwa sababu chombo kikitoboka ndiye anayeziba. Sufuria kubwa kuliko zote ilitengenezwa na Saleh mwenyewe, kwa bati nene la alumini la zamani, lile lisilouzwa tena madukani. Ukiigonga kwa kucha ililia kwa sauti nzito. Wali wa watu wa mtaa mzima ulitosha humo, na Bi Tunu hakupenda kupikia nyingine.

Sasa mwaka ule, miezi michache baada ya korosho kuuzwa, akaja kibandani bwana kilimo wa Ruangwa aliyeitwa Evodius. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwembamba, mtu wa kunong'ona hata anapokubishia. Nyuma ya gari aliloazima kulikuwa na pikipiki iliyofunikwa turubai. Alipoifunua, vijana wa sokoni walicheka. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya enzi za ule mpango wa wakoloni wa kulima karanga, ambayo familia moja ya Kilimarondo ilikuwa imeilaza ghalani, chini ya magunia ya ufuta, tangu wakati wa babu yao. Injini Evodius alikuwa ameshaifufua kidogo kidogo kwa miaka. Mwili ndio haukuwepo. Madigadi ya kuzuia tope yalikuwa yameoza, mkia wa nyuma ya siti haupo, na tangi la mafuta lilikuwa na matundu kama chekecheke.

"Mafundi wote wananiambia nipake gundi ya chuma nipulizie rangi," alisema. "Mimi sitaki rangi. Nataka mwili wa alumini tupu, ung'ae wenyewe. Mama, umewahi kutengeneza tangi la pikipiki?"

"Sijawahi."

"Utaweza?"

Mwamina alilizungusha lile tangi bovu mikononi. "Kwani tangi ni nini? Ni sufuria ambayo mfuniko wake haufunguki."

Evodius alicheka, akaliacha tangi, akarudi Ruangwa.

Mwamina aliniambia baadaye kwamba alisema vile kwa kujitapa tu, na kwamba alipobaki peke yake aliogopa. Sufuria ni mviringo na mstari ulionyooka. Tangi lile lilikuwa limevimba mbele, limebonyea pale magoti ya mwendeshaji yanapokaa, kisha likachongoka taratibu kuelekea kwenye siti. Hapakuwa na sehemu iliyonyooka. Alikata vipande vya boksi akavipanga juu ya tangi bovu mpaka akapata umbo lake, akachonga gogo la mkorosho lifuate umbo hilo, akachimba shimo la kina cha bakuli kwenye gogo jingine. Bati likipigwa ndani ya shimo linavimba. Likihamishiwa juu ya umbo na kupigwa kwa nyundo ya mbao linatulia.

Madigadi mapya aliyatengeneza bila shida. Mkia wa siti nao ukatoka, na Evodius alipotumiwa picha alijibu kwa ujumbe wa sauti uliojaa furaha, akasema ataipeleka pikipiki kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Lindi na atamtaja fundi kwa jina. Mwamina aliisikiliza sauti ile mara kadhaa. Miaka yote ya kuziba ndoo, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba atamtaja.

Shida ilikuwa tangi. Bati la dukani lilikuwa jembamba na kavu. Alifanya kama Saleh alivyofanya: alilipaka sabuni ya mche, akalipasha moto mpaka sabuni ikawa nyeusi, akaliacha lipoe ili lilainike. Lilikubali kuvimba kidogo, halafu, pale penye bonyeo la magoti, likapasuka. Alijaribu tena, likapasuka palepale. Alimtuma mtu Masasi akaletewa bati jingine. Nalo halikufika mbali. Mwezi wa Nane ulikuwa unakaribia.

Basi adhuhuri moja, watu wa sokoni wakiwa msikitini, Bi Tunu alikuja akisukuma toroli. Alikuwa amepika hitima mtaa wa pili na alikuwa anarudisha sufuria kubwa. Alikuwa ameisugua mwenyewe kwa majivu, nje na ndani.

"Pokea chombo chako, mwanangu. Mgongo umekatika."

"Si ungemtuma mtu, mama?"

"Nimtume nani aikwaruze?"

Mwamina aliipokea. Wakaiingiza stoo pamoja, mmoja akishika sikio hili na mwingine lile. Bi Tunu alikunywa maji, akaulizia lile dude la Mhaya limefika wapi, akaenda zake na toroli tupu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeona.

Sufuria ilikaa stoo siku chache, na kila Mwamina alipoingia kuchukua koleo aliigonga kwa kucha. Alijua unene wake kwa kuusikia. Ubavu wake peke yake, ukikatwa kwenye ungio na kunyooshwa, ungetosha tangi zima na kubaki. Nafsi haikosi wakili: hii ni kazi ya mume wangu, ilisema, nina haki nayo kuliko kikundi. Na Nane Nane ikipita, ilisema tena, utatengeneza nyingine nzuri zaidi kabla hajatokea wa kuiulizia, kwani sasa si msimu wa harusi.

Akaiweka kwenye benchi, akashika mkasi wa bati, akakata.

Bati lile lilimtii. Lilivimba lilipotakiwa kuvimba, likabonyea kwenye magoti bila kulia, na alipolipitishia nyundo ya kunyooshea, alama za mapigo zilitoweka moja baada ya nyingine. Siku zile alifanya kazi kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi kuliko mengi. Aliufanya uovu akiwa anaimba.

Nusu mbili za tangi zilikuwa tayari zikisubiri kupelekwa Ruangwa, kwa Nicholaus, mchomeleaji mwenye mashine ya kuungia alumini, mzee mmoja wa mtaani alipoanguka shambani akafa. Asubuhi hiyohiyo mwenyekiti wetu, Raudha, alifika kwa Mwamina na akina mama kuchukua vyombo. Bi Tunu alikuwa miongoni mwao. Masinia yakatolewa, ndoo zikatolewa.

"Ile kubwa iko wapi?" Raudha aliuliza.

Mwamina alisimama mlangoni mwa stoo. Nusu za tangi zilikuwa nyuma yake, zimefunikwa gunia.

"Mara ya mwisho alikuwa nayo nani?" mmoja akauliza.

"Mimi," Bi Tunu alisema haraka. "Nilipika nayo hitima. Nimeshairudisha. Si nimeirudisha, Mwamina?"

Wote wakamtazama Mwamina. Nilikuwepo, na nakumbuka nilichodhani: kwamba anasita kwa sababu hataki kumwaibisha mzee. Maana Bi Tunu alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa ametia chumvi mara mbili kwenye mchuzi wa harusi moja, na alikuwa akimwita binti yake Safina kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulilijua hilo, tukalicheka kwa upole.

"Mimi sijaipokea, mama," Mwamina alisema.

Bi Tunu aligeuka akaitazama njia.

"Niliisukuma kwa toroli," alisema.

"Labda uliisukuma ukaiacha mahali," Raudha alisema kwa upole. "Tutaitafuta. Sasa twendeni, msiba hausubiri."

Tulipikia sufuria ndogo, kwa mikupuo, na watu walikula kwa kuchelewa. Bi Tunu alisimama mbali na moto. Alipoombwa aonje chumvi alikataa.

Tangu siku ile akaanza kutafuta. Alikwenda nyumba ya hitima, akaenda kwa mwenye toroli, akarudia njia aliyopita akiuliza kila duka. Alitafuta chini ya kitanda chake, mahali ambapo hata sinia lisingeingia. Mwisho akaja kibandani. Mwamina alikuwa akipiga msasa tangi, ambalo Nicholaus alikuwa ameshaliunga na kulijaza maji kuona kama linavuja. Halikuvuja. Lilikuwa linang'aa kiasi cha kuona uso wako ndani yake.

Bi Tunu alikaa kwenye kigoda. Akanyoosha mkono akalipapasa tangi.

"Zuri," alisema. "Bati zuri kama hili umelitoa wapi?"

"Limeletwa, mama."

"Saleh angefurahi." Aliendelea kupapasa. "Mwanangu, niambie kweli, sitakasirika. Siku ile nilikuja hapa? Mimi nakumbuka nilikuja. Nakumbuka umenipa maji. Lakini pengine nakumbuka siku nyingine. Safina anasema nachanganya."

Mwamina alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Walikuwa wawili tu. Alitazama chini, akakunja msasa, akaukunja tena.

"Sikumbuki, mama," alisema.

Bi Tunu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. "Haya. Basi kumbe kweli."

Kosa la kwanza, Mwamina alikuwa akisema, lilikuwa la mkasi, na la pili la hofu. Hili la tatu hakuwahi kulipatia jina.

Pikipiki ilikwenda Lindi, na picha zake zikazagaa kwenye simu za watu. Ilikuwa kitu cha ajabu kweli: injini nyeusi kuukuu, na juu yake mwili mweupe wa alumini usio na doa. Evodius alimtaja fundi kwa jina kama alivyoahidi, na vijana walewale waliocheka sokoni wakawa wanamsalimia Mwamina kwa heshima. Alipotumiwa picha aliifungua, akaifunga. Mwanamke mmoja wa kikundi chetu aliiweka kwenye kundi letu la WhatsApp na kuandika, "Hongera fundi wetu." Tukampongeza wote. Wa kwanza kutuma sauti alikuwa Bi Tunu, kwa simu ya Safina: "Hongera mwanangu, umetutoa kimasomaso."

Mwamina alianza kutengeneza sufuria mpya kwa bati la dukani. Alipofika kwenye ungio, mikono ikakataa, akaiacha.

Kwa Bi Tunu mambo yalikuwa yanaharibika. Alijitoa kwenye upishi, akasema mtu asiyejua alipoweka chombo cha watu hafai kuachiwa moto. Safina, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na hofu, alianza kufunga kabati na kuweka funguo kiunoni. Mzee aliyekuwa akiamrisha wali wa mamia akawa anaomba sukari ya chai yake. Kila alipotaka kwenda sokoni aliulizwa anakwenda wapi na atarudi vipi. Na kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyobabaika, na kadiri alivyobabaika ndivyo watu walivyosema, mnaona?

Kisha tukasikia Safina ameamua kumpeleka Chinongwe, kwa kaka yake, ambako kuna watu nyumbani kutwa nzima wa kumwangalia. Bi Tunu hakubisha. Hilo ndilo lililomtoa Mwamina kibandani, kwamba Bi Tunu, aliyewahi kumfukuza mjumbe kwa mwiko, hakubisha.

Alifika asubuhi wakiwa wanafunga mizigo. Nilikuwa pale nikimsaidia Safina kukunja godoro. Mwamina hakubisha hodi, hakusalimia.

"Mama," alisema, "sufuria uliirudisha."

Bi Tunu alikuwa amekaa juu ya boksi lake la nguo. "Nini?"

"Uliirudisha adhuhuri, kwa toroli. Umeisugua kwa majivu. Tuliiingiza stoo mimi na wewe, nikakupa maji ukanywa. Mimi ndiye niliyeikata. Ndiyo tangi la yule Mhaya."

Safina aliachia kamba. Bi Tunu alimtazama Mwamina, akanitazama mimi, kisha akapiga makofi, pa, pa, pa, akacheka kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba ule.

"Nilisema! Safina, nilisema au sikusema? Na maji nilikunywa! Niliwaambia nilikunywa maji!" Alisimama, akazunguka chumba chote akicheka, akamshika Mwamina mabega kama anayemshukuru. Halafu kicheko kikapungua. Tuliona uso wake ukikifikia kile kilichobaki.

"Na siku nilipokuja kukuuliza? Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikalishika tangi kwa mkono wangu."

"Ndiyo, mama."

Bi Tunu alirudi kukaa juu ya boksi. "Toka," alisema.

Safina alimtoa, na maneno aliyomwambia mlangoni sitayaandika. Kisha akarudi ndani, akafungua funguo kiunoni, akaziweka mapajani mwa mama yake, akalia. Safari ya Chinongwe haikutajwa tena.

Ijumaa iliyofuata Mwamina alisema yote mbele ya kikundi, amesimama, bila kujitetea kwa jina la Saleh. Wengine walimzomea. Vyombo vilihamishiwa kwa Raudha jioni ileile, tukipita navyo barabarani vichwani, na kila aliyetuona alielewa. Evodius alipata habari, akaja mbio kutoka Ruangwa na pikipiki yake, akasema kwa ule mnong'ono wake kwamba hakujua, na kama tunataka tangi atalifungua atuachie.

"Tulifanye nini?" Raudha alimuuliza. "Tupikie wali uwe na harufu ya petroli?"

Kuna waliocheka. Mwamina hakucheka. Alimalizia ile sufuria mpya, akaileta mlangoni kwa Raudha akaiacha. Si nzuri kama ya Saleh. Chini inaunguza.

Bi Tunu alirudi kwenye moto. Hakumsemesha Mwamina masika yote yale. Wakikutana njiani alivuka upande wa pili. Mwamina hakumlaumu. Alikuwa akiacha muhogo au mchicha barazani kwake alfajiri, na mara nyingine aliukuta mchana palepale umenyauka.

Hatimaye ugonjwa wa kusahau, ule ambao kweli ulikuwepo tangu mwanzo, ukaja kwa miguu yake wenyewe. Haukumbakiza Bi Tunu kwenye moto muda mrefu. Alisahau majina yetu, akasahau chumvi, na siku moja akasahau kwamba amemkasirikia Mwamina. Alimwona anapita, akamwita mwanangu, akamsogezea kigoda. Safina alitoka jikoni akakuta wamekaa pamoja, Mwamina ameinama, machozi yanamdondoka kwenye khanga, na mzee anamuuliza nani kamfanyia nini.

Jambo moja hakulisahau. Katikati ya mazungumzo mengine uso wake ungebadilika, akauliza kwa hofu ileile: "Mwanangu, ile sufuria kubwa ya watu, niliirudisha?"

Mara za mwanzo Mwamina alimweleza yote upya, sufuria, mkasi, tangi, uongo. Na kila mara Bi Tunu aliyasikia kama mapya. Siku nyingine alicheka. Siku nyingine alilia kama mtoto mpaka usingizi ukamchukua, siku nyingine alimtukana akamfukuza, na kesho yake akamwita tena mwanangu. Mwamina alirudi kila mara. Alidhani hilo ndilo deni lake, kukiri kila anapoulizwa.

Siku moja Safina alimsindikiza mpaka njiani.

"Dada Mwamina, unapomwambia yote yale, unamwambia kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Mwamina alisimama njiani.

"Akishajua anaumia kutwa," Safina alisema. "Wewe unakwenda nyumbani umetua mzigo. Mimi nabaki naye."

Mwamina alitembea hadi kibandani bila kuona njia. Aliniambia kwamba siku ile alijiona mchafu kuliko siku aliyoshika mkasi, kwa sababu hata toba yake ilikuwa imempiga Bi Tunu.

Sasa ukipita pale barazani saa za alasiri utawakuta, Mwamina akimchambulia mbaazi, mzee akizihesabu kwa makosa. Swali likija, anaweka ungo chini.

"Niliirudisha, mwanangu?"

"Uliirudisha, mama. Niliipokea kwa mikono yangu, ilikuwa safi."

"Alhamdulillah," Bi Tunu anasema, na uso unatulia.

Mwamina haongezi neno. Anachukua ungo, anaendelea kuchambua.